Kombe Halisomeshi



Mwaka 1926, katika mji wa Blackburn, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, msichana wa miaka 14 aliacha shule akaanza kazi ya simu posta. Enzi hizo ukitaka kumpigia mtu, unainua mkono wa simu, unasikia sauti ya binti, unamtajia namba, naye anachomeka waya kwenye tundu linalohusika. Binti huyo aliitwa Kathleen Ferrier. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu aliyekaribia kustaafu, na nyumbani hapakuwa na fedha za kumpeleka chuo cha muziki. Kwa piano alikuwa hodari kweli. Mwaka 1928 aliingia shindano lililoandaliwa na gazeti moja kubwa la nchi ile, akashinda katika kanda yake, akazawadiwa piano. Zawadi nzuri, nani angeikataa? Lakini kazini hakutoka. Aliendelea na waya na matundu yake mpaka alipoolewa mwaka 1935, akaacha kwa sababu moja tu: posta haikuajiri mwanamke mwenye mume.

Nimeanza na Ferrier kwa sababu jina lake leo limebebwa na mojawapo ya mashindano ya ufadhili yanayoheshimiwa sana na waimbaji vijana wa opera, mashindano ya Kathleen Ferrier ya London. Na maisha yake yanatuonyesha waziwazi ufadhili wa namna hiyo ni wa kazi gani.

Sauti yake ilikuwa ile ambayo kwenye kwaya zetu tungeipanga sauti ya pili, tena mwisho kabisa wa sauti ya pili, kule chini ambako wanawake wengi hawafiki. Wataalamu wanaiita kontralto. Ni sauti adimu. Hata hivyo alifika karibu miaka 25 bila kupata mafunzo ya maana ya uimbaji. Mwaka 1937 palikuwa na mashindano ya muziki mjini Carlisle, naye akajiandikisha kwenye piano. Mumewe akamwambia kuimba hathubutu, wakawekeana dau la shilingi moja. Basi akajiandikisha kote kuwili, akashinda kote kuwili. Redio ikamsikia, watu wakaanza kumwita huku na huku, akapata mwalimu Newcastle. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alizunguka nchi akiwaimbia watu katika matamasha ya kuwatia moyo. Hatimaye, Desemba 1942, alihamia London, na huko akawa mwanafunzi wa Roy Henderson, mwimbaji aliyekuwa na jina na aliyejua kufundisha. Ferrier alikuwa na miaka 30.

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Miaka 14 mpaka 30. Miaka 16 ambayo sauti ile ilikuwepo kooni mwa mtu, na karibu muda wote haikuwa na shule.

Mwaka 1946 aliimba opera kwa mara ya kwanza, huko Glyndebourne, katika The Rape of Lucretia ya Benjamin Britten. Mwaka uliofuata akaimba Orfeo ya Gluck. Hizo mbili ndizo nafasi pekee za opera alizowahi kuimba jukwaani. Kazi yake nyingine ilikuwa kwenye kumbi za muziki, kwenye sahani za santuri na kwenye redio. Februari 1953 alirudi katika Orfeo, safari hii Covent Garden, jumba kubwa la opera la London. Wakati huo alikuwa anaumwa saratani ya matiti, na matibabu ya mionzi yalikuwa yameidhoofisha mifupa. Usiku wa onyesho la pili, tarehe 6, mfupa wa paja la kushoto ulimeguka akiwa jukwaani. Hakutoka. Alisimama akiegemea, wenzake wakabadilisha mipango papo hapo ili wamzunguke na wasimlazimishe kutembea, naye akaimba mpaka noti ya mwisho. Waliokuwa wamekaa vitini hawakujua kilichotokea. Hakuimba tena mbele ya watu. Alifariki dunia tarehe 8 Oktoba mwaka ule ule, akiwa na miaka 41. Tangu ahamie London mpaka anafariki, haikutimia miaka 11.

Rafiki zake, miongoni mwao Sir John Barbirolli aliyeiongoza okestra usiku ule wa Covent Garden, walianza kuchangisha. Lengo la kwanza lilikuwa utafiti wa saratani. Ndani ya juhudi hizo hizo ukazaliwa mfuko wa pili, wa kuwasaidia waimbaji vijana, wake kwa waume, kutoka Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola. Ukawekwa chini ya Royal Philharmonic Society, na ufadhili wa kwanza ukatolewa mwaka 1956. Sasa sikilizeni sharti lake la mwanzo, kwa sababu mimi nadhani lilitungwa na watu wenye akili sana: mshindi ni mmoja, na zawadi yake ni gharama ya masomo ya mwaka mzima.

Wangeweza kumpa medali. Wangeweza kumpa kombe lenye jina la marehemu. Walimpa mwaka wa shule, kile kile ambacho Ferrier alikikosa alipokuwa na miaka 14, na 18, na 24.

Huenda kuna msikilizaji anajiuliza, mwaka mzima wa kujifunza nini, ikiwa mtu sauti anayo tayari? Swali zuri, na jibu lake linaanzia kwenye jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu opera: hakuna kipaza sauti. Mwimbaji anasimama mbele ya okestra ya watu 60 au 80, wana matarumbeta, wana ngoma kubwa, naye anatakiwa asikike mpaka kiti cha mwisho kwa mapafu na koo lake tu. Je, anaishinda okestra kwa kupiga kelele? Hapana, akijaribu hivyo sauti itakufa ndani ya miezi. Mtaalamu wa sauti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba waimbaji waliofundishwa vizuri hulipanga koo lao kwa namna inayokusanya nguvu ya sauti kwenye eneo la mitetemo kama 3,000 kwa sekunde. Okestra katika eneo hilo haina nguvu nyingi, na sikio la binadamu ni jepesi kusikia hapo. Basi sauti inapita juu ya okestra. Kuna mng'ao fulani ndani yake, kama umewahi kumsikia mwimbaji wa opera ana kwa ana utaukumbuka. Mng'ao huo mtu hazaliwi nao ukiwa umekamilika. Unajengwa, siku kwa siku, mbele ya mwalimu mwenye sikio, kwa sababu mwimbaji hajisikii mwenyewe kama wengine wanavyomsikia.

Halafu kuna lugha. Opera ni Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, mara nyingine Kirusi. Kukariri maneno hakutoshi. Lazima ujue unachokisema, neno kwa neno, la sivyo uso unasema lake na mdomo unasema lake. Kuna mpiga piano wa kufanyia mazoezi, ambaye kazi yake ni kukaa nawe saa nyingi akizipiga kwenye piano sehemu za okestra nzima huku akikurekebisha. Analipwa kwa saa. Mwalimu wa sauti analipwa kwa saa. Kuna nauli ya kwenda kwenye usaili, ada ya kujiandikisha, nguo ya heshima ya kuvaa jukwaani. Na juu ya yote hayo kuna umri. Sauti ya opera hukomaa taratibu, na zile nzito, besi na soprano za nguvu, mara nyingi hazijakaa sawa mpaka mtu apite miaka 30. Ukiilazimisha kabla ya wakati unapata embe lililovundikwa: nje limeiva, ndani kuna uchachu, na halitadumu mpaka Jumamosi.

Kwa hiyo kijana wa opera anamaliza chuo na miaka 23 au 24, na kabla hajaanza kulipwa vizuri kuna miaka mingine mitano, sita, kumi. Nani anamlisha? Kama baba ana mali, atamlisha baba. Kama hana, kijana atauza dukani kwa mtu mchana na kufanya mazoezi usiku akiwa amechoka, na koo lililochoka halifundishiki. Hapo ndipo vipaji vinapopotea, wala havipotei kwa kelele. Mtu anapata kazi nyingine, anaoa au anaolewa, anaimba kanisani Jumapili, basi. Shindano la ufadhili linaingia katikati ya miaka hiyo hiyo.

Fainali za Kathleen Ferrier hufanyika Wigmore Hall, ukumbi wa London uliofunguliwa mwaka 1901 na kampuni ya kutengeneza piano ya Bechstein. Ni ukumbi mdogo, viti kama 550, na jukwaa lake lina kuba lililochorwa picha juu ya kichwa cha mwimbaji. Okestra hakuna. Kuna piano kubwa, mpiga piano, na kijana aliyesimama kwenye ule ukingo uliopinda wa piano, hana kitabu mkononi wala pa kujificha. Anaimba aria, yaani wimbo wa mtu mmoja uliotolewa ndani ya opera, kisha anageuka na kuimba nyimbo fupi za ushairi zinazotaka sauti ya chini na ya karibu. Aria inaonyesha nguvu. Zile nyimbo fupi zinaonyesha kama mtu ana kitu cha kusema. Katika ukumbi ule pumzi inasikika, na ukichelewa kuvuta pumzi kabla ya mstari mrefu majaji wamekwisha kujua, kabla hata mstari haujakatika.

Kuna jambo jingine la mashindano hayo ninalolipenda: mpiga piano naye hushindania zawadi yake. Nyie wapiga kinanda wa kwaya mnaonisikiliza mtanielewa. Mara ngapi kwaya imeshangiliwa, na aliyeibeba kwaya kwa vidole vyake hata jina lake halikutajwa?

Waliopita pale ni wengi. Mwaka 1988 alishinda Bryn Terfel, mtoto wa mkulima wa Wales kaskazini, ambaye baadaye aliimba katika majumba makubwa ya opera kuanzia London mpaka New York. Mwaka 2010 alishinda kijana wa Durban, Afrika Kusini, Njabulo Madlala. Huyo nitamrudia.

Lakini kwanza tuvuke bahari twende Marekani, kwa sababu huko redio hii hii, chombo hiki tunachokitumia sasa, ndicho kilichokuwa mlango. Jumba la Metropolitan Opera la New York lilianza katikati ya miaka ya 1930 kufanya usaili wa waimbaji hewani. Watu walikaa sebuleni wakasikiliza vijana wakishindana. Mwaka 1938 akashinda Leonard Warren, aliyekuwa anaimba katika kundi la waimbaji wa ukumbi wa Radio City. Sauti yake ilikuwa kubwa mno, ila opera alikuwa anaijua kidogo sana. Wakafanyaje? Hawakumpandisha jukwaani kesho yake ili waonyeshe wamegundua kipaji. Walimlipia akaenda Italia kujifunza. Aliporudi alikuwa mwimbaji wa opera, na alilitumikia jumba lile miaka zaidi ya 20, mpaka alipoanguka na kufa jukwaani pale pale Machi 1960. Kuanzia mwaka 1954 usaili ule ulichukua sura mpya, unaanzia mikoani na kuishia New York, na mpaka leo upo. Tangu mwaka 2021 unaitwa Laffont, kwa jina la wafadhili wake. Washindi hupata fedha, lakini pia hupata kusikilizwa na watu wanaoajiri.

Ila hadithi ya Marekani ninayotaka tukae nayo ni ya Grace Bumbry wa mji wa St. Louis. Mwaka 1954, akiwa na miaka 17, aliingia shindano la vijana lililoandaliwa na kituo cha redio cha KMOX. Alichagua aria ngumu ya Verdi, O don fatale, ile ya Don Carlo, ambayo wanawake wenye umri mara mbili yake wanaiogopa. Akashinda. Zawadi ilikuwa na sehemu tatu: dola 1,000 katika hati za serikali, safari ya New York, na nafasi ya kusoma bure katika chuo cha muziki cha mji wao. Chuo kilipojua mshindi ni Mweusi, kilimkatalia. Wakasema anaweza kufundishwa peke yake, kando, mbali na wanafunzi wengine. Wazazi wake walikataa.

Msikilizaji, tafakari jambo hilo. Fedha alipewa. Safari alipewa. Makofi alipewa. Walichomnyima ni kile kimoja chenye maana kwa binti wa miaka 17 mwenye sauti: darasa. Katika zawadi zote tatu, darasa pekee ndilo ambalo lingembadilishia maisha, na waliomfungia mlango walilijua hilo.

Watu wa redio waliona aibu, wakamtafutia nafasi kwenye kipindi cha vipaji cha Arthur Godfrey kilichosikika nchi nzima. Aliimba aria ile ile. Milango ikafunguka: Chuo Kikuu cha Boston, kisha Northwestern, ambako alikutana na Lotte Lehmann, soprano mashuhuri wa Ujerumani aliyekuwa amestaafu jukwaa na kugeukia ualimu. Lehmann alimchukua akawa mwanafunzi wake kwa miaka. Mwaka 1958 Bumbry na mwenzake Martina Arroyo, naye Mmarekani Mweusi, walishinda kwa pamoja usaili wa Metropolitan Opera. Mwaka 1961 akawa mwimbaji wa kwanza Mweusi kuimba Bayreuth, nyumba ya muziki wa Wagner huko Ujerumani, katika nafasi ya Venus. Kulikuwa na barua za kupinga kabla ya onyesho. Baada ya onyesho watu walipiga makofi kwa nusu saa, wakamrudisha jukwaani mara 42. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 86.

Makofi ya nusu saa yalijengwa darasani kwa Lehmann. Hatuyasikii masaa yale ya darasa katika santuri yoyote, lakini bila hayo hakuna Bayreuth.

Sasa turudi kwa Madlala, na kwa Afrika Kusini. Baada ya kushinda London alianzisha kwao shindano la waimbaji wa opera, Amazwi Omzansi Africa, maana yake sauti za Afrika Kusini, ili vijana wa huko wasisubiri kugunduliwa na mtu wa nje. Nchi ile inatoa waimbaji wa opera kwa wingi kiasi kwamba Ulaya inashangaa. Pretty Yende ni mtoto wa Piet Retief, mji mdogo wa Mpumalanga. Alipokuwa na miaka 16 alisikia muziki fulani kwenye tangazo la ndege katika televisheni, kesho yake akamuuliza mwalimu wake shuleni ule ni muziki gani. Mwalimu akamjibu ni opera. Akasoma Cape Town, akashinda shindano la Belvedere mwaka 2009, akaenda kusoma zaidi La Scala, Milan, akashinda shindano la Operalia mwaka 2011, na Mei 2023 aliimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles. Angalieni mpangilio: alisoma, akashinda, akasoma tena.

Kwa nini Afrika Kusini? Mimi naamini jibu liko kwenye kwaya. Kule kwaya za shule, za makanisa na za vitongoji hushindana kwa bidii kubwa, na katika mashindano hayo nyimbo za kwao hukaa bega kwa bega na aria za Verdi na Rossini. Watu wanajifunza kwa solfa, do re mi, iliyoandikwa kwa herufi. Njia hiyo ilianzishwa na mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, ikakuzwa na mchungaji John Curwen, na wamisionari wakaisambaza Afrika. Mwalimu Enoch Sontonga aliandika wimbo wake wa Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 kwa solfa. Ndiyo, tuni ile ile tunayoisimamia tukiimba Mungu Ibariki Afrika.

Na sisi je? Solfa tunayo. Nenda parokia yoyote Tanzania jioni ya mazoezi, utamkuta mwalimu wa kwaya ameishika karatasi yenye herufi na nukta, sauti ya tatu wanarudia mstari wao mara ya tano, sauti ya nne wanangoja zamu. Kenya wana tamasha la muziki la taifa lililoanza mwaka 1927, ambamo watoto wa shule husimama mmoja mmoja na kuimba nyimbo za Ulaya walizopangiwa, mbali na ngoma na nyimbo za makabila yao. Nairobi kuna watu kama soprano Rhoda Ondeng Wilhelmsen ambao wamejitoa kuandaa opera kwa waimbaji wa Kenya. Msingi upo. Masikio yapo. Sauti, jamani, sauti zipo! Kila mwalimu wa kwaya anayenisikiliza anamjua yule mmoja ambaye akifungua kinywa kwenye Haleluya ya Pasaka watu wanageuka nyuma kutazama.

Kuna watakaosema: kwa nini opera? Tuna taarabu, tuna dansi, tuna ngoma zetu, tuhangaike na mambo ya Wazungu ya nini? Nawaheshimu wanaosema hivyo, na taarabu naipenda kwa moyo wote. Lakini kijana wetu mwenye sauti ya namna ile hatuna haki ya kumchagulia wimbo. Binti wa Piet Retief hakupunguka Uzulu wake alipoimba Kiitaliano. Tena mafunzo ya pumzi, ya kutunza koo, ya kusoma muziki, yatamfaa hata atakaporudi kuimba taarabu au kufundisha kwaya ya kijijini.

Linaloniuma ni namna tunavyotoa zawadi. Mashindano ya kwaya tunayo mengi, ya dayosisi, ya kanda, ya shule, ya taasisi. Washindi wanapewa kombe, spika, kinanda, pengine fedha za kugawana. Kwaya inafurahi, picha zinapigwa, kombe linawekwa kabatini. Yule mmoja anarudi kwenye bodaboda yake au kwenye genge la mama yake, na mwaka unaofuata anakuja kushinda tena kombe jingine. Anafika miaka 30 ana makombe sita ya kwaya na hajawahi kukaa saa moja na mwalimu wa sauti.

Ferrier naye alishinda piano, akabaki kwenye waya na matundu ya simu.

Napendekeza jambo dogo, na nalisema kwa kamati zinazoandaa mashindano haya. Msiongeze shindano jipya. Katika yale yaliyopo, ondoeni zawadi moja, ya tatu au ya nne, mgeuze fedha zake ziwe ufadhili wa sauti moja. Majaji wamchague mtu mmoja, mwenye umri kati ya miaka 18 na 25, wamsikilize peke yake, na piano tu, bila kipaza sauti. Fedha asipewe mkononi kwa mkupuo, maana nyumbani kuna ada za wadogo zake na paa linavuja, na hakuna mtu mwenye moyo atakayezishikilia fedha za masomo huku mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Zilipwe mwezi kwa mwezi kwa mwalimu wake wa sauti na kwa mpiga piano wa mazoezi, na ibaki sehemu ya nauli na chakula chake. Walimu wapo: Nairobi kuna Kenya Conservatoire iliyoanzishwa mwaka 1944, na Makumira, karibu na Arusha, chuo kikuu kinafundisha muziki. Kijana wa Mwanza au wa Kisumu anaweza kufika huko kwa basi, iwapo kuna anayelipa basi.

Na uwe mwaka kamili. Semina ya siku tatu ina faida zake, ila haimjengi mwimbaji. Waliomlilia Ferrier walikuwa wamefanya kazi na sauti maisha yao yote, na walipokaa kupanga wasaidie vijana kwa njia gani, hawakushuka chini ya mwaka.

Walimu wa kwaya, nyie ndio wa kuanza, kwa sababu kamati hazimjui huyo mtu na nyie mnamjua. Andikeni jina lake, umri wake, anaimba sauti ipi, anafanya kazi gani mchana, na nauli ya kwenda na kurudi kwa mwalimu wa karibu ni shilingi ngapi. Ukurasa mmoja unatosha. Mpelekeeni mwenyekiti wa kamati ya mashindano yenu sasa hivi, kabla zawadi za mwakani hazijapangwa.